Kiti cha Saa Tisa

Bow, London
10 Septemba 2023

Kaka Kerwin,

Dakika hii hii Zeline ameweka kipande cha ndizi ya kukaanga juu ya mashine yako ya santuri. Ameshusha mkono wa sindano mwenyewe, taratibu kabisa, kama alivyokuwa akikuona ukifanya, kisha akakaa chini akingoja ndizi iimbe. Haikuimba. Amenitazama kama mimi ndiye niliyeiharibu. Sindano nimeifuta kwa pamba, usinune.

Habari za huko kwa Auntie Philo? Sisi huku wazima. Tobi bado yuko zamu ya alfajiri ghalani, akirudi analala na viatu mpaka Zeline amvue. Mama amepiga simu kutoka Castries. Goti linamsumbua lakini kanisani amekwenda kwa miguu vilevile, na anauliza kama unakunywa chai ya kakao au umeacha. Nikamwambia Kerwin hawezi kuulizwa kwa simu, Mama, koo limeshonwa. Akasema, kwani na mikono imeshonwa? Ndiyo maana nakuandikia. Simu yako umeizima tangu upasuaji na sikulaumu, maana nusu ya watu wa Bow walikuwa wanakutumia ujumbe kila asubuhi kuuliza sauti inarudi lini, kana kwamba imekwenda dukani. Mwandiko wangu unaujua, uvumilie. Tangu niache shule sijaandika kitu kirefu hivi.

Sasa jambo lenyewe. Ni kiti chako cha redioni, Jumapili saa tisa mchana.

Desmond amesubiri kiangazi chote. Redio ya Flint ni yake na roho yake unaijua, ila sheria ni ileile, saa ya mtu lazima iwe na pumzi ya mtu. Kiti kikikaa kimya anapewa mwingine. Wale vijana wa Limehouse wameshaanza kupanda ngazi za kinyozi mpaka studio kila Jumapili, wanamwamkia Desmond kama mjomba wao wa kuzaliwa, wanamletea na chai.

Basi Jumapili iliyopita nikambeba Zeline nikaenda na rekodi zako zote. Nilifikiri nitakaa, nitabonyeza, saa itapita. Nilikuwa kwenye wimbo wa pili Desmond akaingia akashusha sauti. Hakugomba. Alisema, "Marisa, redio yangu si makaburi. Kaka yako yu hai. Kama umekuja kumshikia kiti, kishike kwa mdomo wako."

Mtoto akaanza kulia. Nikawasha maiki. Sikujua niseme nini, kwa hiyo nikasema nilichokuwa nasikiliza asubuhi nikiosha vyombo, yaani Gaffa Dunn. Nikasema mimi sijui kumsifu mtu kwa maneno ya magazeti, lakini mwanaume aliyeacha muziki, akaendesha basi mpaka ndevu zikawa nyeupe, akarudi mwaka huu na albamu nzima juu ya abiria wake na hakumtukana hata mmoja, huyo ni mtu. Ile sehemu anapomsubiri bibi mwenye mkongojo akae kwanza ndipo aondoe gari, na biti nayo inasubiri, ngoma haipigi mpaka bibi akae! Nilisimama pale sabuni ikinitiririka mpaka kwenye viwiko. Haya yote nimeyasema hewani, na Zeline akilia nyuma yangu. Watu wakaanza kutuma ujumbe. Dereva mmoja wa Leyton aliandika kwamba yuko mapumzikoni na chai yake imepoa anasikiliza.

Basi nimeamua. Mpaka urudi nitakwenda kila Jumapili kuwazungumzia wasanii waliowaka mwaka huu, na wako wengi, sijui mwaka huu una nini. Desmond amesema mpaka Meza ya Mwaka, ile Jumapili ya Desemba tunapokaa wote wa Flint kuwataja wasanii wa mwaka, kiti bado ni chako. Baada ya hapo hawezi kuahidi.

Kwa hiyo niambie. Daktari amesema nini? Unarudi lini?

Mdogo wako,
Marisa


Hastings
1 Oktoba 2023

Risa,

Barua yako imefika ikinukia ndizi. Auntie Philo ameinusa kabla ya kunipa, akasema hiyo ni familia.

Yeye ni mzima. Anauliza kama mtoto amebatizwa, na mimi nimemwandikia ubaoni kwamba hilo akuulize wewe. Ndiyo, ninaongea kwa ubao siku hizi, kama mwalimu wa hesabu. Pia amenipa kengele ndogo ya shaba ya kumwitia nikitaka supu. Sijaigusa. Jana ameipiga yeye kuniita mimi, halafu akacheka mpaka akatafuta kiti. Ufukwe wa huku ni mawe matupu, na maji yakiyavuta kurudi nyuma yanatoa sauti kama matoazi yaliyolegea. Natembea hapo asubuhi. Hakuna anayenijua.

Mwambie Mama nakunywa kakao.

Kuhusu Gaffa Dunn umeona vizuri, tena umeona kitu ambacho mimi nilikipita. Mimi nilikuwa nasikiliza pumzi zake. Mtu wa umri wake anachana mistari kumi na sita na hamezi mate mahali popote. Nikadhani huo ndio ufundi. Kumbe ufundi ni yule bibi.

Ukiishiwa la kusema, wazungumzie Hex na Rudie, pacha wa Handsworth. Unajua mmoja akianza neno mwenzake analimalizia, hilo wamefanya tangu shuleni. Lakini mwaka huu kuna wimbo mmoja ambao wamebadilishana, Hex anachana kwa sauti ya Rudie na Rudie kwa ya Hex, toka mwanzo hadi mwisho, na hawakumwambia mtu. Birmingham nzima ilidanganyika. Mama yao alisikia mara moja jikoni akauliza kwa nini mnaigizana. Mimi niliposikia hivyo niliucheza wimbo upya siku nzima nikitafuta mshono, sikuuona. Wazungumzie kwa upendo. Kazi ile ni ya upendo.

Umeuliza juu ya daktari. Ni mama mpole mwenye mikono baridi. Huku mvua imenyesha wiki nzima.

Redio siisikilizi, Auntie hapendi kelele. Ahsante kwa kukaa pale. Mpe Zeline sindano ya akiba, iko kwenye kopo la biskuti.

Kerwin


Bow
18 Oktoba 2023

Kaka Kerwin,

Hujambo? Zeline anaota magego na anang'ata dunia nzima, juzi amemng'ata Desmond kidole. Desmond akasema huyu mkimpa maiki ataitafuna. Mama Tobi amekufumia soksi, nimezifunga humu. Ni nyekundu, na utazivaa. Mwambie Auntie Philo ubatizo ni Pasaka, asianze.

Nimewazungumzia pacha kama ulivyoniagiza. Mtu wa Handsworth akapiga simu redioni, akasema mama wa wale pacha ni jirani yake na ameomba nimtaje kwa jina, Bi Hyacinth, kwa sababu wanawe wakihojiwa hawamtaji. Nikamtaja mara tatu.

Lakini ngoja nikueleze la Jumapili iliyopita. Amekuja, Kerwin. Tansy mwenyewe, amevuka mto kutoka Peckham kuja kupanda ngazi zetu zilizojaa nywele, kwa sababu alisikia nilivyomzungumzia.

Nilikuwa nimesema hivi: mwaka huu kila mtu anapiga kelele, na huyu binti albamu yake yote ameirekodi ndani ya kabati la nguo la bibi yake, makoti yamemzunguka ili sauti isirudi ukutani, kwa hiyo ukimsikiliza ni kama amekaa na wewe humo kabatini na mnajificha mtu asiwaone. Hapandishi sauti hata mara moja. Anasema jambo zito kwa namna ya kukuuliza kama una sukari, na wewe unasogea karibu. Mimi nilimsikiliza nikiwa namlaza Zeline, na Zeline alilala lakini mimi sikulala.

Basi akaingia na mfuko wa pati za nyama, mfupi, ana miwani, amevaa koti la bibi yake kweli, mikono imezidi. Akamwamkia kila mtu hadi kinyozi aliyepanda kuchungulia. Chumba kikajaa mpaka mlangoni. Desmond akaweka ngoma na yeye akachana kwa ile sauti yake ya kuomba sukari, na wale vijana wa Limehouse wanaojua kila kitu walishika kofia zao. Watu waligonga ukuta kwa ngumi kwa furaha, na Desmond kwa heshima ileile akarudisha ngoma mwanzo. Ukagongwa tena, akarudisha tena. Tansy alicheka kila mara kama mtu anayetekenywa. Sijawahi kuona mtu mkubwa asiyejua kwamba ni mkubwa.

Alipomaliza akaninyooshea maiki mimi. Unajua kwetu maiki ukinyooshewa huiweki mezani.

Basi na mimi nikasema kidogo. Ukuta ukagongwa, Desmond akarudisha. Jumapili ilikwenda vizuri.

Mtu akikusimulia kuhusu siku hiyo, ningependa unisikilize mimi kwanza. Nitakueleza vizuri nikipata nafasi, sasa hivi Zeline ameamka.

Na ulikwepa swali langu. Mikono baridi si jibu.

Marisa


Bow
12 Novemba 2023

Kaka,

Salamu kutoka kwa wote. Tobi amepata mafua, Zeline amepata mafua ya Tobi. Wiki zinapita na kisanduku cha barua kina matangazo ya piza tu.

Najua umesikia. Kama hukusikia redioni umesikia kwa watu, maana Bow haifungi mdomo hata ikiwa inatafuna. Kwa hiyo niseme mwenyewe. Maiki ilipofika mkononi kichwa kilikuwa kitupu. Nilikuwa sina mstari hata mmoja wangu. Mdomo ukafunguka ukatoa yako, Kerwin. Ile mistari ya mashine ya kufulia, lifti iliyokufa na ghorofa kumi na moja. Mistari yako ya kwanza kabisa, inayojulikana na kila mtu kuanzia hapa hadi Stratford. Na mimi najua kama unavyojua wewe kwamba kwetu mtu anaweza kuazima koti la mwenzake, anaweza kuazima hata gari, lakini mistari haiazimwi. Na mbaya zaidi nimerudishiwa ngoma kwayo. Nimepokea heshima yako nikiwa nimesimama kwenye kiti chako.

Siku ile hakuna aliyesema neno. Jumapili iliyofuata ndiyo nilikuwa napanda ngazi na mtoto, na mmoja wa wale wa Limehouse akaniambia kwa adabu sana, "Samahani dada, ile mistari umeikodi kwa wiki au kwa mwezi?" Wenzake wakaangalia viatu vyao ili wasicheke. Zeline alimpungia mkono.

Tangu hapo maiki naitumia kuwasifu wengine tu. Kusifu najua. Lakini Desmond amesema wazi kwamba kwenye Meza ya Mwaka, tarehe kumi na saba mwezi ujao, ataamua saa tisa ni ya nani.

Kama sauti yako inarudi, niandikie neno moja, nitavumilia maneno ya ngazini mpaka ufike. Kama hairudi, niandikie pia. Kinachonichosha ni kushika kiti bila kujua namshikia nani. Na kama umenikasirikia, nikasirikie kwa barua.

Marisa


Hastings
26 Novemba 2023

Mdogo wangu,

Auntie Philo amekaa nje ya mlango wangu na ile kengele mkononi. Amesema kila nikiiweka kalamu chini anapiga. Mara mbili ameshapiga. Soksi nimevaa.

Nilikudanganya kuhusu redio. Kila Jumapili saa tisa Auntie mwenyewe huwasha kompyuta ya jikoni, anakaanga samaki na kukusikiliza. Muziki anasema ni watu wanaogombana na mlango. Wewe anakupenda. Ulipowazungumzia pacha alizima jiko ili asikie vizuri, na ulipomtaja Bi Hyacinth mara ya tatu alisema amina.

Daktari alisema nitaongea. Nimeshaanza, sentensi chache asubuhi, sauti kama ya mtu anayesogeza kabati. Kuchana, hapana. Mwakani hapana, na baada ya mwakani hapana. Alinieleza mwanzoni mwa Septemba, kabla ya barua yako ya kwanza. Kila nilipokaa nikuandikie hilo nilikuta nimeandika mvua.

Sasa Jumapili ile. Nilikuwa jikoni. Nilijua kabla hujafungua mdomo kwamba utatoa mistari yangu, nilisikia ulivyovuta pumzi, unavuta kama mimi. Kweli nilikasirika. Nilitoka nikaenda kwenye mawe. Halafu nikarudi nikaomba Auntie airudishe, nikaisikiliza hadi samaki akaungua.

Unakumbuka mistari inavyokwenda. Lifti imekufa, mashine ya Mama iko chini, napanda nayo. Nikifika ghorofa ya tisa nasema niko peke yangu ngazini, na hapo siku zote nilipandisha sauti mpaka koo likawaka. Hapo ndipo palipokuwa pangu. Wewe ulipofika ghorofa ya tisa ulinyamaza. Mstari mzima, Risa, ngoma ikapiga tupu. Kisha ukaendelea na ghorofa ya kumi kana kwamba hakuna kitu.

Auntie aliniuliza kwa nini mtoto amekwama. Nikamwandikia ubaoni: hajakwama, yeye ndiye aliyekuwa ameibeba ile mashine kwa chini.

Na sikiliza rekodi kama hujaisikiliza. Ukuta umegongwa pale pale, kwenye kimya chako, kabla hujarudi kuchana. Mistari yangu wanaijua miaka yote, hawakushtuka. Kilichorudishiwa ngoma hakikuwa changu. Wewe umekaa wiki zote hizi ukibeba aibu ya kitu ambacho hukuchukua.

Mistari yangu niachie, nitazeeka nayo. Andika yako.

Desmond nimemwandikia kwamba sirudi. Sikumwomba akupe kiti. Ningekuombea mimi, kingebaki changu na wewe ungebaki umekishika. Panda ngazi ukakichukue.

Majina yangu ya Meza ya Mwaka haya hapa. Uyasome wewe, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri kuliko wako ila sauti yako sasa ni nzuri kuliko yangu. Gaffa Dunn, kwa sababu alimngoja bibi. Hex na Rudie wa Handsworth, kwa sababu kila mmoja alikubali kutoweka ndani ya mwenzake na hakuna aliyepotea. Na juu ya wote Tansy. Kama miaka kumi iliyopita mtu angenionyesha kwamba unaweza kunong'ona Peckham ukasikika Bow, leo labda ningekuwa na koo.

Wewe sikukutaja. Damu haitajwi mezani, sheria ni sheria. Mwaka huu imenikera.

Kerwin


Flint, juu ya kinyozi
17 Desemba 2023

Kaka yangu,

Salamu zote za nyumbani zihesabu kama nimeziandika, nitakupigia kesho na wewe utanijibu kwa sauti yako ya kabati. Nimekaa kwenye ngazi, mgongo kwenye mlango. Najua wewe na Auntie mko jikoni mnasikiliza, kwa hiyo barua hii itakufikia ukiwa umeshasikia kila kitu. Naiandika kwa sababu mikono inatafuta kazi.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama barazani na koti sijavua. Sikulia kwa ajili ya kiti. Nililia kwa ile ya Septemba, kwamba umekaa huko na neno hilo peke yako huku mimi nakuuliza unarudi lini, unarudi lini, kama wale wengine wa kwenye simu. Sitakuuliza tena kitu kwa haraka. Zeline alinifuta uso kwa kitambaa cha meza.

Meza ilikuwa nzuri mwaka huu. Watu wamegombana vizuri. Kinyozi amemtaja Gaffa Dunn, akasema tangu albamu ile madereva wanamwomba awanyoe kama Gaffa, na Gaffa hana hata nywele. Mtu amesema pacha hawahesabiwi kama wawili, chumba kikawaka moto. Nikasoma majina yako. Nilipofika kwenye maneno yale ya Tansy na koo, sauti yangu ilitaka kukatika, nikaishusha tu, nikaongea kama yeye, na chumba kilisogea. Hakuna aliyegonga kitu. Desmond alivua miwani akaifuta muda mrefu.

Halafu akasema mwenye saa tisa amekiachia kiti, anamshukuru, na anayekitaka afungue maiki leo, ukuta utaamua. Wa Limehouse wametangulia. Ni wazuri, Kerwin, siwezi kukudanganya. Wanne wanapokezana bila kutazamana, kama watu wanaopitishiana matofali, na yule wa swali la ngazini ndiye mzuri kuliko wote. Wamegongewa ukuta mara moja, kwa haki. Alipotoka amenipita hapa akaniambia, "Dada, leo ukija na ya kwako mimi mwenyewe nagonga." Sikuona kejeli usoni mwake.

Ninayo ya kwangu. Nimeiandika wiki hizi tatu, kwenye karatasi za ghala ambazo Tobi analeta, nyingine zina mafuta. Nilidhani nitashindwa, kwa sababu kila nikianza naona ngazi zile zile. Kisha nikajiuliza niliona nini mimi. Kaka, mimi sikuona ghorofa. Niliona visigino vyako na chini ya mashine, kutu, na namba iliyochorwa kwa kalamu nyekundu. Wewe ulikuwa unahesabu milango ili unipe moyo, na mimi nilikuwa nasikia uzito ukinishukia kila ulipopanda ngazi moja. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, na niliogopa kwamba nikiachia, itakuvuta urudi chini pamoja nayo. Hiyo ndiyo niliyoandika. Sipandishi sauti mahali popote. Nimemsomea Tobi akiwa na viatu miguuni, na kwa mara ya kwanza hakulala.

Sijui kama ukuta utagongwa. Usipogongwa nitashuka, nitanunua samaki, nitaendelea kuandika. Lakini nataka ugongwe. Nakwambia wewe tu. Nakitaka kiti hiki, siyo cha kushika, nakitaka.

Mlango umefunguliwa, Desmond ananiita. Ngoma ameshaiweka, naisikia, ameipunguza mwendo. Zeline ameng'ang'ania shati langu na Tobi anamfungua kidole kimoja kimoja. Ngoja nikuandikie angalau ninavyoanza, ili mstari huo uwe nao kwa mkono wangu. Naanza chini kabisa, kabla ya ngazi ya kwanza, wewe umeshainama na mimi bado nafunga viatu, na mstari wenyewe unasema... Desmond ameita tena. Naingia, uliobaki utakuwa umeshausikia jikoni.